Belgrave kwa miguu: niliyoyaokota nikitafuta historia ya mtaa wetu Leicester

Tangu tuwatembeze watoto wetu kuwaonyesha historia ya Belgrave, mtaa wetu hapa Leicester, Uingereza, Waswahili wenzangu wa Coventry, Northampton na hata Reading wamekuwa wakiniuliza: ulianzia wapi, ilikugharimu kiasi gani, na nani alikueleza yote yale? Najibu wote kwa pamoja, na mtanivumilia kwa urefu, maana mambo yenyewe hayakunyooka.

Mimi si mwanahistoria. Kwetu ni Mwanza, na hapa Leicester kazi yangu ni kutunza wazee, mara nyingi zamu ya usiku. Shughuli hii nilitupiwa na kikundi chetu cha akina mama kwa sababu nilikaa kimya kikaoni wenzangu wakigawana pilau na mapambo. Watoto wetu waliozaliwa hapa walikuwa wameambiwa shuleni waandike historia ya mahali wanapoishi. Wote waliandika mambo mawili yale yale: Mfalme Richard III, ambaye mifupa yake ilifukuliwa chini ya maegesho ya magari katikati ya jiji mwaka 2012, na timu ya Leicester City kuchukua ubingwa wa ligi kuu ya soka mwaka 2016. Kuhusu Belgrave, wanakolala na kuamka, hakuna aliyeandika hata sentensi. Mama mmoja akasema huenda hakuna cha kuandika. Hilo liliniudhi kiasi cha kunifanya nikubali.

Kwa asiyepajua, Belgrave iko kaskazini mwa katikati ya jiji, kandokando ya mto Soar. Kilikuwa kijiji chenye kanisa lake na mashamba yake hadi viwanda vya soksi na viatu viliposogea, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 kikamezwa na Leicester. Siku hizi wageni wanaijua kwa barabara moja tu, Belgrave Road ambayo mbele inabadilika jina na kuwa Melton Road: ile Golden Mile, yaani Maili ya Dhahabu, ya masonara, maduka ya sari na mikahawa isiyopika nyama. Wapo wazee wanaoapa kwamba jina hilo lilitokana na taa za kuongozea magari, zilizokuwa zikiwaka njano mfululizo njia nzima kabla dhahabu yenyewe haijafika. Masonara hawapendi kusikia habari hiyo.

Nilianzia anapoanzia kila mtu, kwenye intaneti, na nikachoka upesi kwa sababu kurasa zilikuwa zikinakiliana. Kilichonisaidia ni ramani. Maktaba ya Taifa ya Scotland imeweka mtandaoni, bila malipo, ramani za zamani za Ordnance Survey, idara ya serikali ya kuchora ramani, na si za Scotland peke yake. Unaweza kuweka ramani ya miaka ya 1880 upande mmoja na picha ya setilaiti ya leo upande wa pili, ukisogeza hii na ile inasogea. Nilikaa nayo usiku mzima kazini, wazee wakiwa wamelala (msinisemee). Nilipoutafuta mtaa ninaoishi, haukuwepo. Palikuwa shamba. Kwenye ramani ya baadaye nyumba zimeshajipanga, zimeshikana ukuta kwa ukuta, kila moja na kiua chake nyuma, hivi hivi zilivyo leo. Na pale penye supamaketi ya Belgrave Road palikuwa na stesheni ya kampuni ya reli ya Great Northern Railway, iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1880. Wakati wa kiangazi watu wa viwandani walipanda treni pale na watoto wao kwenda kuona bahari Skegness. Treni ya mwisho ya namna hiyo iliondoka mwaka 1962. Nimekuwa nikinunua vitunguu juu ya stesheni miaka yote hiyo!

Kwa hiyo anzeni na ramani kabla hamjasoma maelezo ya mtu yeyote. Itawaonyesha kilichokuwepo na kisichokuwepo, na maswali yatakuja yenyewe. Ya pili iwe orodha ya majengo yanayolindwa kisheria, inayotunzwa na Historic England, taasisi ya urithi wa kale, nayo ni ya bure. Lugha yake imekauka, matofali na madirisha na paa, lakini inakupa miaka ambayo mtu amehakikisha.

Kisha nikaenda Wigston. Ofisi ya kumbukumbu ya Leicestershire, Leicester na Rutland iko huko, upande wa pili kabisa wa jiji, ndani ya jengo lililowahi kuwa shule. Kutoka Belgrave ni kupanda basi hadi mjini na kuunganisha jingine. Nitasema wazi kwamba niliogopa. Mtu aliyekwisha panga foleni za vibali vya kuishi nchi hii, akiona kaunta ya serikali na fomu, presha inampanda hata kabla hajaulizwa kitu. Nilibeba pasipoti, kadi ya ukaazi, barua ya benki, bili ya maji na cheti cha kazi, kana kwamba nakwenda kuhojiwa. Walichotaka ni jina langu na ninapoishi, basi. Hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi wala kwa nini mtu kama mimi anataka ramani za Belgrave. Nalisema hili kwa sababu najua wengi wetu hatuzigusi ofisi hizi kwa woga huo huo. Nyaraka zile ni za mkazi yeyote.

Pana taratibu zake. Mnaandika kwa penseli, kalamu ya wino hairuhusiwi. Mkoba unabaki kwenye kabati. Pigeni simu au angalieni siku za kufunguliwa kwanza, maana hawafungui kila siku, na agizeni mnachokitaka mapema, vinginevyo mtafika mkae mkitazama kuta. Kupiga picha kwa simu kuna malipo kidogo ya siku. Mwambieni mhudumu mtaa na kipindi, msimwambie "historia ya Belgrave", kwa sababu hilo ni kama kuingia Kariakoo ukaomba kuuziwa "bidhaa".

Walichonipa kwanza ni vile vitabu vya zamani vya anwani, Kelly's na Wright's, ambavyo vinataja barabara moja moja, namba ya nyumba, jina la mwenye nyumba na kazi yake. Vingi vya aina hiyo University of Leicester imevipiga picha na kuviweka mtandaoni bure, kwa hiyo nyie hamna haja ya nauli. Nilisoma majina ya mtaa wangu: mfuma soksi, fundi viatu, mfuma soksi, muuza makaa, mjane. Kwenye sensa mambo yanazidi kunoga, ila kuna sheria ya miaka 100: kabla ya hapo majina hayafunguliwi kwa umma. Sensa ya 1921 ilifunguliwa Januari 2022, na mwanzoni kila ukurasa ulilipiwa. Ya 1931 msiitafute, iliteketea kwa moto mwaka 1942. Kabla hamjatoa kadi ya benki, ulizeni maktaba ya mtaa wenu. Maktaba nyingi za umma nchini hapa zina kompyuta zilizokwisha lipiwa huduma za ukoo na sensa, ukiwa na kadi ya maktaba unakaa unasoma. Mwenzetu mmoja alijiunga nyumbani kwake na huduma ya kulipia mwezi kwa mwezi, akasahau kujitoa. Hasira zake bado mbichi.

Kati ya yote niliyoyasoma, majengo matatu ndiyo yaliyobeba matembezi.

La kwanza ni Belgrave Hall, nyumba ya matofali iliyojengwa kati ya 1709 na 1713, imefichwa kwenye kona tulivu karibu na kanisa la St Peter's, ambalo sehemu zake za kale ni za enzi za Wanormani. Katika karne ya 19 iliishi humo familia ya John Ellis, Mkristo wa dhehebu la Quaker aliyekuwa mstari wa mbele kuleta reli Leicester. Watoto hawakujali reli. Waliponyanyua masikio ni niliposema kwamba mwishoni mwa miaka ya 1990 kamera za ulinzi zilinasa kitu cheupe bustanini, magazeti yakatangaza mzimu, na kuna waliokuja kuchunguza wakaona ni jambo la kawaida tu, huenda jani. Tahadhari: jumba lenyewe hufunguliwa kwa siku maalumu. Ukienda bila kuangalia, utaishia kuona lango.

La pili ni Abbey Pumping Station, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu nilipapenda kuliko pote. Leicester ya wakati wa Malkia Victoria ilikuwa ikijaa watu kwa kasi na mto Soar ukijaa kinyesi. Mwaka 1891 wakafungua jumba hili lenye mashine nne kubwa za mvuke, zilizotengenezwa hapa hapa Leicester na kampuni ya Gimson, kusukuma maji taka kuyapandisha hadi shamba la Beaumont Leys. Zilifanya kazi hadi 1964. Ukiingia unadhani uko kanisani: nguzo za chuma zilizopambwa, madirisha marefu, na gurudumu lililokuzidi kimo mara kadhaa. Urembo wote huo kwa ajili ya vyoo vya watu maskini! Mimi niliyekulia mahali ambapo mfereji wa maji machafu ulipita mlangoni nilisimama nikatazama muda mrefu. Siku wanapowasha mashine kwa mvuke ndizo za kwenda na watoto. Tarehe hutangazwa mapema.

La tatu liko ukuta wa pili, National Space Centre, makumbusho ya safari za anga za juu, lililofunguliwa mwaka 2001, sehemu yake ikiwa juu ya tangi lililokuwa la maji ya mvua la hiyo hiyo Pumping Station. Mnara wake una urefu wa mita 42 na ndani zimesimamishwa roketi mbili, Blue Streak na Thor Able. Kiingilio si rahisi kwa familia ya watoto wengi, hivyo sisi tulilitazama kwa nje. Kutoka hapo hadi Abbey Park, iliyofunguliwa 1882, ni kutembea tu, na ndani ya bustani kuna mabaki ya abasia, nyumba ya watawa, alimofia Kadinali Wolsey, aliyekuwa waziri wa Mfalme Henry VIII, mwaka 1530 akiwa njiani kupelekwa London kwa tuhuma ya uhaini. Kiwanda cha nguo za kufuma kilichojiita Wolsey kilichukua jina lake. Mkuu wa kanisa kaishia kwenye soksi.

Hadi hapo nilikuwa na majengo, ila watu wa leo wa Belgrave hawakuwemo. Makaratasi ya Wigston yalinipa wafuma soksi wa Kiingereza, nami barabarani nilikuwa nawaona akina bibi wenye sari na makoti mazito juu yake. Daraja kati ya hawa na wale sikulipata kwenye kitabu. Nililipata kwa sababu nilisema "shikamoo" dukani.

Nilikuwa naongea na simu, nikimsalimu shangazi Mwanza, na mzee aliyekaa kwenye kiti nyuma ya kaunta akaitikia "marahaba" kabla ya shangazi. Alizaliwa Jinja. Baba yake alikuwa karani kwenye kiwanda cha sukari. Agosti 1972 Idi Amin alipowapa Wahindi siku 90 waondoke Uganda, yeye alikuwa kijana wa miaka kumi na kitu. Familia ziliruhusiwa kutoka na pauni 50 hivi. Walitua Uingereza, wakapelekwa kambi ya zamani ya jeshi la anga ya Stradishall, Suffolk, na baridi ikawakuta na viatu vya wazi. Na Leicester je? Hapo akacheka. Septemba ile halmashauri ya Leicester ilikuwa imelipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus la Kampala, kuwasihi Wahindi wa Uganda wasije: nyumba zimejaa, shule zimejaa, hospitali zimejaa. Anasema nyumbani kwao hakuna aliyewahi kusikia neno Leicester hadi siku ya tangazo. Baba yake akafikiri, mji unaojitangaza hivyo lazima una watu wetu tayari. Alikuwa sahihi, kwani Wahindi wa Kenya walishaanza kuja kwa wingi mwaka 1968, kabla na baada ya Uingereza kubana sheria ya uhamiaji. Nyumba za Belgrave zilikuwa za bei ya chini, baadhi ya mitaa ikisubiri kubomolewa, na viwandani kazi ilikuwepo.

Mzee yule akanipeleka kwa wenzake, na hao kwa wengine. Hapo ndipo Kiswahili kilifanya kazi ambayo Kiingereza kisingeweza. Watafiti wa chuo wamewahoji wazee kama hawa, na University of Leicester ina hifadhi nzuri ya simulizi za mdomo za East Midlands ambayo nawashauri muisikilize. Ila mtu akihojiwa kwa Kiingereza anatoa ile hadithi iliyokwisha pigwa pasi. Kwa Kiswahili yalitoka mengine.

Na si yote matamu. Bibi mmoja mzaliwa wa Kisumu alikuwa na Kiswahili chepesi, cha haraka, na karibu chote kilikuwa cha kutuma: leta, funga, pika, ngoja, kesho rudi. Hakuwa na namna ya kuniomba kitu, alikuwa na namna ya kuniagiza. Nilitoka pale nimekereka kweli, nikasema sirudi. Nilirudi kwa sababu nilikuwa nimeazima picha zake na sikutaka kuonekana mwizi. Safari hiyo alikuwa na mkwewe, chai imeandaliwa, na bila kuulizwa akaanza kunisimulia habari za mpishi wao, Mluo aliyemlea tangu mtoto na kumfundisha lugha hiyo anayoisema. Jina la mpishi analikumbuka. Jina la baba yake mpishi, kijiji chake, watoto wake, hakuwahi kuuliza. Hilo alilisema kwa Kiingereza. Kisha akaniambia jinsi yeye, ambaye hakuwahi kuosha sahani Kisumu, alivyojikuta hapa Belgrave kwenye cherehani ya kiwandani, akilipwa kwa idadi ya vipande, msimamizi akimwita kwa kidole.

Wengine walinipa habari za kiwanda cha Imperial Typewriters, ambacho hakikuwa Belgrave bali East Park Road, ambako tarehe 1 Mei 1974 wafanyakazi wa Kiasia, wengi wao waliotoka Afrika Mashariki, waligoma wakidai malipo ya ziada na vyeo sawa na Wazungu. Walikaa nje karibu miezi mitatu, tena bila chama chao cha wafanyakazi kuwaunga mkono. Mwaka uliofuata kiwanda kikafungwa. Na Belgrave Road yenyewe palikuwa na British United Shoe Machinery, iliyotengeneza mashine za viatu kwa dunia nzima. Ilianguka mwaka 2000 na wafanyakazi wakapoteza pensheni walizokatwa maisha yao yote. Mzungu mmoja mstaafu alinieleza hayo akiwa amesimama kwenye lango la nyumba yake, hakunikaribisha ndani, lakini hakutaka niondoke.

Mtakaofanya kazi ya namna hii, msianze na Idi Amin. Kila mtu ameshawauliza. Ulizeni kazi ya kwanza, mshahara wa kwanza, chumba cha kwanza, nani alikuwa jirani. Wekeni ile ramani ya zamani mezani, vidole vitaanza kusogea. Kifaa cha kurekodi kitoke baada ya ruhusa, na muulize tena mwishoni kama bado anaridhia. Picha msiondoke nazo, zipigeni pale pale kwa simu karibu na dirisha. Yule aliyekaa kona bila kusema, mara nyingi mke wa mwenye nyumba, ndiye wa kumfuata jikoni.

Siku yenyewe ilinyesha, kama ilivyotarajiwa. Tulianzia kwenye kipilefti cha Belgrave, palipokuwa na barabara ya juu iliyobomolewa mwaka 2014, na kufuata Golden Mile. Njia nzima ni kama kilomita nne, ambazo kwa watu wazima ni kitu kidogo na kwa vigari vya watoto ni vita. Panga choo kabla ya kupanga historia. Maduka mengi hayana, na maktaba ya Cossington Street ilituokoa.

Kwenye sanamu ya Gandhi, iliyozinduliwa 2009, mpango wangu ulivunjika. Kijana mmoja wa Kenya akauliza kwa nini tunasimama kumheshimu mtu aliyeandika maneno ya dharau juu ya Waafrika alipokuwa Afrika Kusini. Akakumbusha kwamba University of Ghana iliiondoa ya kwake mwaka 2018, na kwamba hata hapa Leicester mwaka 2020 maelfu walitia saini kutaka hii iondolewe. Mzee wa Jinja alikuwa nasi. Walibishana pale mvuani kwa Kiswahili kwa muda mrefu, kwa heshima lakini kwa sauti, wapita njia wakisimama kushangaa. Hawakukubaliana. Sikuwakatiza, na watoto waliporudi shuleni ndicho walichoandika, si roketi wala mzimu.

Gharama: nauli, ada ya kupiga picha nyaraka, kuchapisha ramani za rangi na chai ya wageni, yote haikufika pauni 60, na nusu yake ilikuwa uchapishaji ambao ningeuacha. Kilichokwenda zaidi ni usingizi. Kikundi kilinirudishia fedha baada ya vikao vya kutosha.

Sasa nataka sauti za wale wazee ziwekwe mahali zitakapodumu. Mzee wa Jinja amekataa kurekodiwa peke yake. Anasema dada yake aliyeko Toronto ndiye anayekumbuka sawasawa, yeye huongeza chumvi, na dada anakuja Diwali. Nimeshaomba nisiwekwe zamu usiku huo.